Polepole Mwanzoni, Bila Huruma Mwishoni: Hotuba kwa Wanaoanza Kutengeneza Felti Nyumbani

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na ninyi nyote mliokuja kujifunza, hamjambo? Nimeombwa nizungumze kidogo kabla hatujatia mikono majini. Nitaitumia nafasi hii kusema jambo ninaloliamini kwa dhati: felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshikana yenyewe bila kufumwa, ikiwa nzuri huamuliwa na sufu uliyoichagua na namna ulivyoigusa dakika za mwanzo. Vifaa vinakuja nyuma kabisa. Mwenye beseni, kipande cha sabuni, taulo kuukuu na sufu inayofaa atatoa kazi ya kudumu miaka na miaka. Mwenye kabati zima la vifaa na sufu isiyofaa atasugua mpaka vidole vichubuke, na itakuwa kazi bure.

Nasema hivi kwa sababu ninawaona wengi wakianzia mwisho. Sindano wanazo, vishikio wanavyo, vibao vya kukatia maumbo wanavyo, lakini sufu wamechukua ile iliyowavutia kwa rangi. Rangi iwe ya mwisho, jamani. Kwanza tujue tumeshika nini.

Unywele wa sufu umeundwa kwa keratini, protini ile ile iliyomo katika kucha na nywele zetu. Kwa nje umefunikwa na magamba madogo mno, hayaonekani kwa macho matupu, yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ncha za magamba hayo zote zinaelekea upande mmoja, yaani kutoka mzizi wa unywele kwenda nchani. Ukiuvuta unywele huo katikati ya vidole kutoka mzizini kwenda nchani, unapita bila taabu. Ukiuvuta kinyume, unakwama kidogo. Tofauti hiyo ndogo ya kuteleza na kukwama ndiyo iliyozaa felti yote duniani.

Sikilizeni inavyokuwa. Sufu ikilowa maji ya moto yenye sabuni, nywele zake zinavimba, zinalainika na kuanza kusogea. Ukizitikisa, kila unywele unatembea kuelekea upande wa mzizi wake, kwa sababu huko ndiko hakuna kizuizi. Kurudi hauwezi, magamba ya jirani zake yanauzuia. Maelfu ya nywele zikitembea hivyo, kila moja na njia yake, zinapitana, zinazungukana, zinakazana. Hapo hakuna uzi wa kushonea wala gundi, na wewe hufungi chochote. Sufu inajishika yenyewe, na ikishashikana haifumuliki tena. Ndiyo maana unaweza kuikata felti kwa mkasi mahali popote na ukingo wake usichanike wala kutoa nyuzi.

Ukilielewa hilo, maswali mengi yanajijibu. Pamba haifanyi felti kwa njia hii kwa sababu haina magamba. Hariri vivyo hivyo, na nyuzi za plastiki pia. Na kuna sufu halisi kabisa, ya kondoo kabisa, ambayo nayo haifanyi: ile yenye lebo ya superwash. Hiyo imepitishwa kiwandani kwenye klorini ili magamba yaliwe, kisha mara nyingi ikapakwa utando mwembamba wa plastiki, ili sweta lisinywee kwenye mashine ya kufulia. Kwa mfumaji ni neema. Kwetu sisi ni sufu iliyong'olewa meno. Usiinunue kwa kazi hii hata kama rangi yake inakuita.

Basi mtu atajuaje kama sufu aliyonayo itashikana? Chukua kishungi kidogo, kinachojaa ncha za vidole vitatu. Kiloweshe kwa maji ya moto, tia tone la sabuni, kisha kizungushe katikati ya viganja, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu. Sufu nzuri itaanza kuwa laini na ya utelezi, itafika mahali utahisi imepungua mkononi, na baada ya dakika chache una kidonge kigumu ambacho ukikibana hakibonyei. Isiyofaa itabaki imelegea, na ukiacha kuizungusha inafunguka yenyewe. Jaribio hili halihitaji kipimo chochote, na nawaomba msianze kazi kubwa bila kulifanya, hata kama muuzaji amekuapia.

Aina za kondoo zinatofautiana sana. Merino ina nywele nyembamba, kati ya mikroni 17 na 24 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na inashikana haraka kwa maji. Inatoa kitambaa laini cha kuvaa shingoni. Corriedale ni nene zaidi, kati ya mikroni 25 na 30 hivi, na ni msaada mkubwa kwa anayeanza, maana haina haraka ya kushikana pale usipotaka na ni nzuri pia kwa kazi ya sindano, yaani kuikaza sufu kwa kuichoma choma. Kuna kondoo wengine, kama Suffolk, Southdown na Dorset, ambao sufu yao hukataa kushikana au hukawia kupita kiasi. Si sufu mbaya. Inajaza mito vizuri kwa sababu hiyo hiyo, haigandamani. Na sufu iliyopaushwa kwa kemikali ili iwe nyeupe kabisa mara nyingi hukawia kuliko ile yenye weupe wake wa asili.

Angalieni pia jinsi ilivyoandaliwa. Sufu iliyochanwa kwa vitana mpaka nywele zote zikalala upande mmoja huuzwa kama utepe mrefu, na hiyo inafaa sana kwa kazi ya maji, kwa sababu unaweza kupanga mwelekeo wa nywele upendavyo. Iliyochambuliwa kwa mbao zenye meno ya waya hutoka kama shuka nene ambalo nywele zake zimekwenda huku na huku. Hiyo ni rafiki wa sindano. Ukipata manyoya mabichi kutoka kwa mfugaji, yatakuwa na mafuta yake, lanolini, pamoja na jasho na uchafu wa malishoni. Yaloweke kwenye maji ya joto la nyuzi 60 za Selsiasi hivi yenye sabuni, yaache yatulie, usiyakoroge hata kidogo, kisha uyasuuze kwa maji ya joto lile lile. Ukiyakoroga umeshaanza kutengeneza felti ndani ya beseni.

Nataka niwaonyeshe pia kwamba sisemi haya kwa kudharau ufundi. Kazi hii ni ya kale mno. Katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, kuna makaburi ya Pazyryk ya kati ya karne ya 5 na ya 3 kabla ya Kristo. Maji yaliingia makaburini yakaganda, na barafu ikahifadhi vitu ambavyo kwingine vingeoza. Mwanaakiolojia Sergei Rudenko alipochimba huko kati ya 1947 na 1949, alikuta pazia kubwa la felti lenye picha za wapanda farasi, na mabata maji waliotengenezwa kwa felti, rangi zao zikiwa bado zinasomeka. Leo vimo katika makumbusho ya Hermitage huko Saint Petersburg. Waliovitengeneza hawakuwa na sindano tunazouziwa sisi leo. Wafugaji wa Mongolia na Asia ya Kati hadi sasa wanafunika mahema yao kwa felti, na Wakirgizi bado wanatandaza sufu kwenye mkeka wa matete, wanaimwagia maji ya moto, wanakunja mkeka na kuuviringisha kwa miguu. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza ufundi wa mazulia yao, ala-kiyiz na shyrdak, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mkeka, maji ya moto, sufu na nguvu za mwili: hayo tu, na mazulia yanatoka.

Kwa upande mwingine, kuna waliotafuta njia ya mkato wakaumia. Ulaya ya zamani, kofia za felti zilipokuwa fasheni, mafundi walitibu manyoya ya sungura na ya biva, mnyama wa mtoni, kwa nitrati ya zebaki ili yashikane upesi. Mvuke wa zebaki uliwatetemesha mikono na kuwavuruga akili. Marekani haikukomesha matumizi hayo katika kofia mpaka mwaka 1941. Kwa hiyo mtu akikuambia ana dawa ya kuharakisha, mshukuru umwache aende zake. Sabuni na maji ya moto vinatosha.

Haya, sasa mezani, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mambo.

Tandika taulo, juu yake mkeka mwembamba wa vijiti au plastiki yenye vipovu vya hewa. Shika utepe wa sufu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ushike ncha kwa kiganja na vidole vyote, siyo kwa ncha za kucha. Mikono iachane kiasi cha sentimita 20, kisha vuta kwa utulivu. Kitatoka kishungi chepesi, chembamba kiasi kwamba ukikilaza unauona mkeka chini yake. Wanaolalamika kwamba sufu haivutiki wamekaribisha mikono. Wameshika nywele zile zile kwa pande zote mbili, na wanajaribu kuzikata badala ya kuzitenganisha.

Laza vishungi kimoja baada ya kingine, kila safu ikifunika kidogo ncha za safu iliyotangulia. Tabaka la kwanza nywele zote zilale kushoto kwenda kulia, la pili zilale juu kwenda chini, la tatu zirudi mlalo wa kwanza, la nne zifuate la pili. Matabaka manne membamba yana nguvu kuliko mawili manene. Sababu ni kwamba tabaka nene hushikana nje na kubaki limelegea ndani, nawe hutajua mpaka siku utakapolikata. Ukimaliza, pitisha kiganja juu bila kukandamiza, macho yako yafumbe. Mkono unahisi mashimo ambayo jicho linayakosa. Palipo pembamba ongeza kishungi kimoja, basi.

Funika kwa neti au kipande cha pazia jepesi. Maji yawe ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia bila kujikaza. Sabuni ya kipande, ya kawaida, ikwaruze iyeyuke humo. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya iacheni: vimeng'enya vingi vimewekwa kula protini, na sufu ni protini. Nyunyiza ukianzia katikati, kisha kandamiza kwa viganja bapa, ukitoka katikati kuelekea pembeni. Kukandamiza, nasema, si kusugua. Unafukuza hewa. Sehemu ambayo bado kavu utaiona: imeinuka, rangi yake imepauka, na ukiigusa inabonyea. Iongezee maji uikandamize mpaka kitu chote kilale kimekolea rangi moja.

Sasa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu ameshika sufu iliyolowa, ana hamu, anaanza kusugua kwa nguvu zote. Kinachotokea ni kwamba nywele za juu zinashikana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijapenya kwenda chini, na tabaka la juu linateleza juu ya la chini na kufanya mikunjo. Mkunjo ukishashikana haunyooki. Anachopata ni ngozi mbili zisizojuana. Dakika kumi za mwanzo zinataka mkono mwepesi. Vidole viteleze juu ya neti kwa uzito wao wenyewe, kwa miduara midogo, na kiganja kisibebe uzito wa bega. Mnapofanya hivyo mnazipa nywele muda wa kupenya kutoka tabaka hadi tabaka. Kila baada ya dakika mbili au tatu inua neti polepole ukiwa umeishikilia felti kwa mkono mwingine, kwa sababu nywele zinapenya kwenye neti nayo, na ukiisahau zitaishika.

Sabuni ngapi? Mkono ndio utakaokuambia. Mkono ukikwama na sufu ikianza kuokoteka vidonge juu yake, sabuni haitoshi. Povu likijaa mpaka hulioni umbo, ni nyingi mno, nywele zinaelea na kupishana bila kushikana. Chota povu lote ulimwage, uendelee.

Halafu fanya jaribio la kufinya. Finya uso wa felti kwa vidole viwili uinue kidogo. Nywele zikija peke yake, bado. Kitambaa chote kikiinuka pamoja na vidole, umevuka daraja, na kuanzia hapo unaruhusiwa kutumia nguvu.

Ikunje pamoja na mkeka, ifunge, iviringishe mbele na nyuma kwa mikono. Ifungue, igeuze robo mzunguko, ikunje tena. Hapa kuna siri ambayo ningependa kila mtu aondoke nayo: felti hunywea kwa upande ule unaoiviringishia. Ukiviringisha kutoka kichwa kwenda miguuni, urefu ndio unaopungua. Kitambaa kimekuwa kirefu kuliko ulivyotaka? Viringisha kwa upande wa urefu zaidi ya wa upana. Kimejipinda pembe moja? Viringisha kwa mlalo wa pembe hiyo. Anayelijua hili hahangaiki kukata felti ili kuisawazisha, anaielekeza tu.

Mwisho kabisa ni kuikaza. Itumbukize kwenye maji ya moto, ikamue, ikande, ibamize mezani, ikunjue, ibamize tena. Wageni wakikuona watadhani umekasirika. Uso wake utaota vipele vidogo vidogo, na ukiivuta pande zote haitanyooka wala kulegea. Hapo imefika. Na niseme wazi: kazi nyingi za nyumbani ninazoziona zimeharibika kwa sababu zimeachwa kabla ya hapo. Mtu ameona kitambaa kimeshikana, ni laini, kinapendeza, akakianika. Baada ya wiki chache za kukitumia kinatoa manyoya, kinapanuka, kinaota vidonge. Laini mno ni dalili ya kazi iliyoishia njiani. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha weka siki kidogo kwenye maji ya mwisho ili kuondoa ukali wa sabuni uliobaki, suuza tena, ikamue kwa taulo, itengeneze umbo ikiwa bado mbichi, uianike kivulini. Yale maji yachuje kabla ya kuyamwaga, maana nyuzi za sufu huziba mabomba.

Kabla ya kutengeneza kitu chenye kipimo, kiatu cha ndani, kofia, mfuko wa simu, tengeneza kwanza kipande cha majaribio. Najua hakuna anayependa kusikia hivi. Lakini sufu hiyo, kwa mikono yako hiyo, itanywea kwa kiasi chake, na hakuna kitabu kitakachokuambia ni kiasi gani. Tandaza sentimita 30 kwa 30, gramu 25 hivi za sufu, ifanye mpaka mwisho kabisa, uipime. Tuseme imebaki sentimita 20. Gawanya 30 kwa 20, unapata 1.5. Basi wayo wa sentimita 26 unataka kiolezo cha sentimita 39. Ukikiona kiolezo hicho mezani utaona kama kiatu cha jitu, na moyo utakushawishi ukipunguze. Usikipunguze. Kipande hicho cha majaribio kiandikie kwa kalamu aina ya sufu, matabaka na vipimo, ukitunze, kitakusaidia kila mara utakaporudi kwenye sufu hiyo.

Kwa vitu vyenye uwazi ndani unatumia kiolezo cha plastiki ngumu kiasi, unakizungushia sufu pande zote mbili. Acha nywele zizidi ukingo kwa sentimita 2 au 3, zikunje upande wa pili zikiwa zimelowa. Pembeni ndipo penye hatari: usipopasugua mapema kutaota ukingo mgumu unaozunguka kazi yote, na ukishakaza hautoki. Sugua ukingo kwa kidole kuelekea ndani, mara kwa mara, tangu mwanzo. Utajua wakati wa kukitoa kiolezo utakapoona kinajikunja ndani kwa kubanwa na felti inayonywea. Hapo kata mdomo, kitoe, sugua ukingo uliokatwa kwa sabuni mpaka ufunge, kisha endelea kukaza. Mwenye kalibu, yaani umbo la mguu, aivishe kiatu kingali kibichi, kikauke juu yake.

Sindano nitaizungumzia kwa ufupi zaidi, si kwa kuidharau. Ilizaliwa viwandani, ambako mabao yenye sindano nyingi hupiga nyuzi mpaka ziwe kitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, David na Eleanor Stanwood walizichukua sindano hizo za kiwandani wakaanza kuzitumia kwa mkono, moja moja, na ndipo vikazaliwa vinyago na wanyama tunaowaona leo. Iangalieni kwa karibu. Shina lake lina pembe tatu, na kwenye pembe hizo kumechongwa vijino vidogo vilivyoelekea nchani. Ikiingia inasukuma nywele ndani, ikitoka inaziacha huko. Namba kubwa maana yake ni sindano nyembamba: 36 kwa kuanza umbo, 38 kwa kazi ya kawaida, 40 kwa kumalizia uso.

Inavunjika kwa sababu moja kubwa: imeingia kwa mwelekeo mmoja ikatolewa kwa mwingine. Ni chuma kigumu, hakipindi. Iingie na itoke kwa njia ile ile, na kama unataka kubadili pembe, itoe kwanza. Kwa ndani ya umbo tumia sufu nene isiyo na thamani kubwa, ukaze kweli kweli, kisha uvishe sufu nzuri juu yake. Ukifika usoni, choma kwa ulalo na kina kifupi, vinginevyo utaacha vitundu. Merino kwa sindano huonyesha kila kitundu, ndiyo maana nilisifu Corriedale. Chini weka sponji nene au mto wa sufu, macho yako yasitoke kwenye sindano ikiwa inatembea, na ukitaka kuzungumza na jirani, iweke chini kwanza. Watoto wadogo wapeni kazi ya maji. Wanaiweza vizuri sana, na mpira wa felti ndio mwanzo wao mzuri.

Nimebakisha jambo ninalolipenda mno, nalo halihitaji hata kununua sufu. Masweta ya zamani. Tafuta lebo inayosema sufu asilimia 100, isiyo na lile neno superwash, ulitie sweta ndani ya foronya uifunge, kisha uifue kwa mashine kwenye nyuzi 60 pamoja na suruali nzito moja ya kulisugua. Foronya ni muhimu kwa sababu nyuzi zinazotoka zinaweza kuziba pampu ya mashine. Likitoka, angalia kama macho ya ufumaji bado yanaonekana. Yakionekana, rudia. Yakipotea, una kitambaa kinachokatika bila kufumuka: glavu, soli za ndani za viatu, vifuko, vikalio, viraka vya viwiko. Sufu inaweza kunyonya unyevu unaofikia karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kwa hiyo soli ya namna hiyo huukausha mguu. Sweta lililonywea kwa bahati mbaya, ambalo mtu alikuwa anataka kulitupa, ndilo hilo hilo ninyi mnalolitafuta. Waambieni jamaa zenu wasitupe.

Na wanaofanya kazi kwa ajili ya kuvaa, ijaribuni ile njia iliyoanza kuenea kutoka Australia mapema miaka ya 1990, ya kutandaza sufu nyembamba ya merino juu ya hariri yenye macho mapana. Hariri yenyewe haishikani, lakini nywele za sufu zinapenya kwenye matundu yake na kuikamata, na zinaponywea zinaikunja hariri kwa mikunjo ya kupendeza. Usifunike hariri yote, acha sehemu iwe wazi. Hapo dakika za mwanzo za mkono mwepesi zinakuwa nyingi zaidi, maana nywele zina safari ndefu.

Utunzaji ni mfupi. Adui ni nondo wa nguo, tena si nondo mwenyewe anayeruka, ni funza wake, anayekula keratini. Anapenda giza, utulivu na jasho, kwa hiyo felti safi inayotolewa nje na kukung'utwa mara kwa mara haimpi nafasi. Ukishuku kwamba ameingia, tia kazi ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, uiweke kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kufua ni kwa maji ya vuguvugu, kwa kubonyeza, na umbo likiharibika lipulizie mvuke ulirudishe kwa mkono.

Maji yameshapata moto. Kila meza ina aina tatu za sufu, hazina majina, ni namba tu. Anzeni na jaribio la kidonge kwa zote tatu, mmoja wenu aandike ipi imeshikana na ipi imekataa, nami nitapita kuvibana vidonge vyenu. Baada ya hapo ndipo mtakapochagua sufu ya kipande cha majaribio, sentimita 30 kwa 30, matabaka manne. Vueni pete, kunjeni mikono ya nguo, na neti ziko kwenye kikapu hapa mbele.